Beki Tatu na Mama Mkwe, Mlingotini hadi Tanga

Wenzangu wa mwani, kabla sijaanza: sikuliwa na mamba, sikuajiriwa kazi za ndani, wala sikugombana na mama mkwe wangu njiani. Habari hizo tatu nimezikuta zimenitangulia Mlingotini, na kila aliyenisimamisha tangu nirudi ana ile aliyoipenda zaidi. Kwa hiyo nimekaa chini kuandika yote mara moja. Someni kwa zamu, mimi nipumzishe koo.

Mlingotini hadi Dunda

Najua karatasi hii itafika mbali kuliko ninakoipeleka, basi nijitambulishe kwa asiyenijua. Mimi ni Zuhura, mke wa Shomari fundi friji. Nina miaka ishirini na tisa na binti mmoja wa miaka minne, Salma.

Wachezaji wengi wa mpira huanza wakiwa watoto. Mimi nilianza nina miaka ishirini na miwili, na nilianza kwa bahati mbaya ya mtu mwingine. Mnakumbuka lile bonanza la vikundi vya wanawake: beki wetu alikuwa amechomwa na samaki taa asubuhi ile tukiwa shambani baharini, mguu umevimba kama papai. Mkanisukuma uwanjani mkaniambia, "Simama pale tu, asipite mtu." Nikasimama. Hakupita mtu.

Mwalimu mmoja wa mpira aliyekuja kutazama akaniuliza nimefundishwa wapi kusimama vile. Nikamwambia, baharini. Mtu aliyekaa miaka mitano kwenye maji ya magotini akifunga mwani kwenye kamba, wimbi linamvuta mbele na kumrudisha nyuma, hasukumwi ovyo. Alicheka, akaandika jina langu. Haukupita mwaka nilikuwa Dar, nacheza kwa mkataba, beki wa kushoto, jezi namba tatu, mtu mzima katikati ya wasichana waliotoka shule juzi. Nikacheza misimu mitatu. Shomari alinioa katikati ya misimu hiyo. Kisha nikapata Salma, timu ikapata beki mwingine, nami nikarudi kwenye kamba zangu.

Nilidhani yamekwisha. Halafu Neema, tuliyecheza naye Dar, akanipigia simu. Siku hizi yuko timu moja ya Tanga. Beki wao wa kushoto ameumia goti, na kocha anafanya majaribio Jumamosi saa nane mchana.

"Njoo," Neema akasema. "Ila ukiulizwa umri, sema ishirini na mitatu. Kocha hataki wazee."

Nilimwambia nitakuja. Hilo la umri sikulijibu.

Shomari alinisikiliza mpaka mwisho, bisibisi mkononi. Akauliza, "Na Salma je?" Hakukataa. Aliuliza tu. Tukakubaliana niende kwanza, nikipata ndipo tuzungumze. Yaani nilikuwa naomba kwa Mungu nipate, na huku naogopa kupata.

Mtu mwenye akili akitaka kwenda Tanga hupanda basi kubwa, akapita Chalinze na Segera, na jioni yuko Tanga anakunywa chai. Na mimi ndivyo nilivyokusudia, mpaka nilipopita Dunda, Bagamoyo, Ijumaa asubuhi kumuaga mama mkwe wangu, Bi Mwanahamisi. Nilimkuta kibarazani ameshavaa buibui. Pembeni yake mkeka mpya, umekunjwa na kufungwa kwa ukindu, mrefu kuliko yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Shomari kaniambia unakwenda Tanga."

"Ndiyo, mama."

"Pangani iko njiani."

"Si njiani sana, mama. Basi linapita Segera."

"Sikusema habari za basi. Nimesema Pangani iko njiani. Nampelekea dada mkeka wake. Tutafuatana."

Mama mkwe ni mzaliwa wa Pangani, na dada yake mkubwa, Bi Kibibi, bado anaishi huko kwenye nyumba ya wazazi wao. Nikajua nimeshafika mwisho wa mazungumzo. Nikaubeba mkeka.

Niseme jambo moja hapa, bila lawama. Kwa misimu yote mitatu niliyocheza, mama mkwe hakuwahi kuja kunitazama. Hakunipinga. Alikuwa akiuita "ule mchezo wako," kama mtu anavyosema "ule ugonjwa wako," kwa upole, akisubiri nipone.

Dunda hadi Mkange

Kwa njia ya pwani magari ya abiria ni machache. Tulipata moja la dereva anayeitwa Kassimu, mtu mpole, anaendesha kama anayebeba mayai. Mkeka haukuingia. Tuliujaribu kwa urefu, ukamgusa dereva kisogoni. Tukaujaribu kwa upana, ukatokea dirishani, na mama mkwe akasema miti itauchana. Mwisho ukafungwa juu ya gari, na kila tuliposimama mama mkwe alishuka, akautazama, akapanda tena.

Makurunge tulisimama zaidi ya saa nzima tukimsubiri abiria aliyekuwa amepiga simu kusema, "Nimeshafika." Nyinyi mnajua maana yake. Alikuwa bado anatafuta ndala. Alipotokea alikuwa bwana mnene, mwenye kanzu safi na harufu ya sabuni, akatuamkia wote kwa heshima kubwa, hata tukashindwa kumkasirikia. Nitamwita Bwana Nimefika, kwa kuwa jina lake sikulipata na atarudi tena baadaye.

Tulivuka Wami salama. Saa sita tuko Mkange, na Mkange njia imefungwa. Wajenzi wa barabara walikuwa wanaweka kalavati, na pale palipokuwa barabara palikuwa shimo la kuingia nyumba. Kassimu akaenda kuuliza, akarudi akisema, "Wanasema saa moja tu." Halafu ikawa wakati wa sala ya Ijumaa, wajenzi wakaenda msikitini, Kassimu naye, Bwana Nimefika naye, shimo likabaki peke yake.

Mkange, kusubiri

Karibu na shimo mama mmoja, Mama Chausiku, alikuwa anauza chakula chini ya banda la makuti. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa nazi, kizito, kinang'aa mafuta, na dagaa wa kukaanga wanaovunjika mdomoni. Nimekula kisamvu tangu nizaliwe, na kile nitakikumbuka.

Mama mkwe alikwenda kutawadha. Mama Chausiku akakaa karibu yangu kunihoji, kama mwenyeji anavyomhoji mgeni.

"Tanga unakwenda kufanya nini, mwanangu?"

"Nakwenda kujaribiwa kazi, mama."

"Kazi gani?"

"Mimi ni beki tatu," nikasema. Nilikuwa na kisamvu mdomoni, sikufikiri.

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Haya, kazi ni kazi. Watoto wangapi?"

"Mmoja tu."

"Afadhali. Mmoja hasumbui. Na kupika je?"

"Hapana, wana mpishi wao kambini."

"Wana mpishi?" Akasogea. "Na kufua?"

"Jezi zinafuliwa na mtu wao."

"Sasa wewe kazi yako nini hasa?"

"Kuzuia wasipite."

"Kumbe mlinzi," akasema. "Na ukivunja kitu, wanakukata?"

"Nikivunjika wananitibu wenyewe."

"Mwanangu," akasema, "watu hao usiwaache. Mimi nina mdogo wangu Pangani anatafuta msichana wa ndani, lakini nakwambia kweli, hatakupa nusu ya hayo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Uwanjani beki tatu ni mchezaji wa kushoto nyuma. Mtaani, kama mnavyojua, ni mfanyakazi wa ndani. Nilianza kucheka, na kisamvu kikanipalia, na nikiwa katika kukohoa mama mkwe akarudi na kumsikia Mama Chausiku akimwambia, "Bibi, huyu dada wa kazi wako usimwachie aondoke, ana adabu sana."

Mama mkwe alisimama wima. Maji ya udhu yalikuwa bado yanamchuruzika kwenye viwiko.

"Huyu ni mke wa mwanangu," akasema. "Ni mchezaji wa mpira. Wa mkataba."

Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akiyatamka maneno hayo. Nadhani hata yeye aliyasikia kwa mara ya kwanza, maana aliutandaza ule mkeka wa dada yake, tuliokuwa tumeushusha garini, haraka haraka akaanza kusali, na sala yake siku ile ilikuwa ndefu.

Wajenzi walikuwa wamerudi kutoka msikitini, wanangoja zege likauke kidogo. Walikuwa na mpira. Mmoja wao, mwendesha katapila anayeitwa Mashaka, alikuwa amesikia neno "mkataba," akaja hadi bandani. Akamwamkia mama mkwe vizuri, kisha akanigeukia.

"Dada, tuko pungufu mmoja. Au unaogopa kuumia?"

Kweli niliogopa kuumia. Kesho saa nane nina majaribio, leo nicheze kwenye changarawe na mtu mwenye viatu vya chuma? Lakini niliposimama kukataa nilimwona mama mkwe ameketi kwenye mkeka, amemaliza sala, ananitazama. Ndani ya dera nilikuwa na suruali ya mazoezi. Nikalivua dera, nikajifunga mtandio vizuri, nikaingia.

Mashaka alikuwa na mbio na maneno mengi. Mara ya kwanza alinijia akicheka, nikamwachia upande wa kushoto, akauchukua, akajikuta ukingoni mwa shimo hana pa kwenda. Mara ya pili hakucheka, lakini mpira niliutoa kwenye mguu wake hata hakuhisi, akaendelea kukimbia hatua nne bila kitu. Wenzake wakaketi chini kwa kicheko. Mara ya tatu alisimama mbele yangu, akaukanyaga mpira, akasema, "Dada, nimekubali," akanipa mkono.

Niliporudi mkekani mama mkwe alinipa maji.

"Yule hukumgusa," akasema.

"Sikumgusa, mama."

"Sasa mpira umeupataje?"

"Kaniachia mwenyewe."

Alilitafakari hilo muda mrefu. Kwenye mkeka walikuwa wameshakaa watu saba, na mmoja amemwaga kisamvu, wala mama mkwe hakuona.

Mkange hadi Bweni

Saa moja yao iliisha saa kumi. Tulipita juu ya mbao mbili zilizowekwa kando ya shimo, abiria tukitembea kwa miguu na Mashaka akiongoza matairi kwa mikono kama anayeegesha ndege.

Kuelekea Saadani njia inapita mbugani. Hatukwenda mbali, Kassimu akasimama akazima injini. Mbele yetu tembo walikuwa wanavuka, mmoja mmoja, hawana haraka. Wa mwisho, mkubwa kuliko wote, alisimama katikati ya barabara akatugeukia. Kassimu akanong'ona mtu asipumue. Tukaacha kupumua. Ndipo simu ya Bwana Nimefika ikaadhini.

Ilikuwa adhana ya alasiri, kwa sauti yote, na simu yenyewe ilikuwa nyuma ya wakati kama mwenyewe. Mwenyewe aliitafuta ndani ya kanzu, akaikosa, akaitafuta tena. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Tembo alitandaza masikio, akasimama vile vile mpaka neno la mwisho. Kisha akageuka, akavuka, akawafuata wenzake.

Mama mkwe ndiye aliyeanza kusema. "Kasikiliza vizuri kuliko wengi ninaowajua."

Tulicheka hadi Mkwaja. Hicho ndicho chanzo cha habari ya mamba, nadhani. Mtu kasimulia tembo, mwenzake kasikia mamba, wa tatu kaongeza meno.

Bweni ni ng'ambo ya mto, Pangani ipo mbele yako, unaziona nyumba. Tulikuta kivuko kimeshafunga kazi. Mama mkwe akampigia dada yake.

"Nimepika pilau," Bi Kibibi akasema, sauti yake sote tukaisikia. "Mko wapi?"

"Tuko Bweni. Kivuko kimefunga."

"Pilau limeiva."

"Dada, kuna mto."

"Mto nimezaliwa nao, naujua. Nakwambia habari za pilau."

Tulilala Bweni kwa mwanamke aliyewahi kuwa jirani ya Bi Kibibi, akatukirimu chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Nililala mara moja, miguu ikiuma kwa ile changarawe.

Kuvuka kwenda Pangani

Asubuhi tulivuka na kivuko cha kwanza. Hesabu zangu zilikuwa hivi: tufike kwa Bi Kibibi, tuamkie, tuweke mkeka, ninywe chai kavu, saa tatu niko njiani. Hesabu hizo zilikwisha mlangoni. Pilau la jana lilikuwa limepashwa moto na linatusubiri kwa chuki, na kwa kuwa lile lilikuwa la jana, Bi Kibibi alikuwa ameamka alfajiri kupika la leo: mkate wa kumimina, samaki wa kupaka, na uji wa mchele wenye hiliki.

"Mama mkubwa," nikasema, "leo nina majaribio ya mpira. Sitakiwi kushiba."

"Unakwenda kukimbia?"

"Ndiyo."

"Na njaa?"

Nilikula kidogo, akaongeza. Nikala nilichoongezewa ili aridhike, akaona napenda, akaongeza tena. Wenzangu, samaki yule alikuwa na nazi nzito na ndimu, amechomwa kwanza kwa moto wa kifuu. Nasema kweli, sehemu ya mwisho sikulazimishwa.

Ndipo mkeka ukatandazwa. Ulikuwa na doa la kisamvu na nyayo za wajenzi wa Mkange. Bi Kibibi aliukagua kutoka pembe hadi pembe.

"Mwanahamisi, mkeka huu umeshaanza kazi."

"Umesafiri," mama mkwe akajibu. Kisha akalivaa buibui lake upya. "Nafuatana na huyu mtoto mpaka Tanga. Nitarudi jioni."

"Umekuja kuniona au kunipita?"

"Nikirudi nitakuona vizuri."

Nilisema hakuna haja, mama apumzike. Alikuwa ameshatoka nje.

Pangani hadi Tanga

Gari la kwanza lilikuwa limejaa, la pili likaondoka saa tano. Tulifika Tanga mchana nikiwa bado na nafasi, nikampa dereva wa bajaji maelekezo ya Neema: uwanja wa shule, karibu na minazi mitatu. Tanga ina shule nyingi, na minazi haihesabiki. Tulishushwa penye shule iliyojaa maturubai na mapambo. Kabla sijafungua mdomo, mwalimu mmoja akampokea mama mkwe kwa mikono miwili, "Karibu sana mzazi," akamkalisha mstari wa mbele, na soda mkononi. Yalikuwa mahafali.

"Mama, si hapa," nikamnong'oneza.

"Nimeshaona. Lakini soda imeshafunguliwa."

Akainywa yote, kwa heshima ya mwenye kumpa, na mimi nimesimama naangalia saa. Tulipoupata uwanja wenyewe ilikuwa saa nane na nusu, na wasichana walikuwa wameshagawanywa timu mbili wanacheza.

Kocha Rehema ni mwanamke mfupi, mwenye kofia na daftari, mkali wa macho. Neema alinipungia mkono kutoka uwanjani kwa wasiwasi.

"Umechelewa," kocha akasema.

"Ndiyo, kocha. Nisamehe."

"Sababu?"

"Kalavati, kivuko, na mahafali." Pilau nililimeza.

Alinitazama toka juu mpaka chini. Nikajua anatafuta neno la kunirudisha nyumbani. Badala yake akasema, "Dakika ishirini zilizobaki. Kushoto."

Winga niliyepewa kumkaba alikuwa msichana anayeitwa Husna, miaka kumi na minane, mwepesi kama unyoya. Mpira wa kwanza alinipita kana kwamba mimi ni kigingi. Nilipogeuka, samaki wa Bi Kibibi aligeuka naye. Mpira wa pili alinipita tena, upande ule ule, na nikaanguka nikakaa. Nilisikia watu wakicheka. Nilitazama ukingoni nikamwona kocha anaandika, na hatua chache kutoka kwake, kwenye benchi, mama mkwe, mkoba mapajani, hajacheka.

Niliinuka. Sikuwa na mbio za kumfikia Husna, na hata ningekuwa na njaa nisingekuwa nazo. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikamwonyesha njia ile ile aliyoipenda. Aliijia. Nilikuwa nimeshafika. Mpira ukabaki kwangu, yeye akapita peke yake.

Baada ya hapo hakunipita. Nikaanza kuwapanga wenzangu kwa sauti, huyu sogea, yule ngoja, tulia, tulia, kama tunavyoitana maji yakianza kujaa. Dakika ishirini ziliisha, na upande wetu hapakuingia goli.

Kocha alikuja na daftari lake. Neema akasogea karibu.

"Una miaka mingapi?"

Neema alinitazama. Wenzangu, neno "ishirini na mitatu" lilikuwa tayari kwenye ulimi, nimelibeba tangu Mlingotini. Nilitaka ile kazi. Niliitaka kuliko nilivyojua mpaka dakika ile. Lakini niliona nikianza kwa kuficha miaka sita, itanibidi niifiche kila siku.

"Ishirini na tisa."

"Karibu anatimiza thelathini," mama mkwe akaongeza kutoka kwenye benchi, kwa nia njema kabisa.

Neema akafunika uso. Kocha akamgeukia. "Wewe si uliniambia ishirini na mitatu?"

"Neema ananitakia mema tu," nikasema.

"Nina wasichana wanne hapa wenye miaka ishirini na mitatu," kocha akasema, "na wawili kati yao mwaka jana walikuwa na ishirini na mitano." Akafungua daftari. "Husna amekupita mara mbili. Ya tatu kwa nini hakupita?"

"Nilikuwa nimeshajua anapenda wapi."

"Beki wangu aliyeumia alikuwa na mbio za ajabu. Akikosea, alikuwa anakosea haraka sana." Aliandika kitu. "Msimu mmoja. Ukicheza kama zile dakika za mwisho, tutazungumza tena. Ukicheza kama zile za mwanzo, utarudi kwenu. Nipe jibu kabla ya Ijumaa."

Nikamwambia inshallah, nina mtoto, nitaongea nyumbani. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia hilo mara nyingi. Tukatoka. Mama mkwe hakunipongeza, alininunulia mishikaki miwili, akasimama kuhakikisha naila.

Kurudi

Jioni ile tulirudi wote kwa Bi Kibibi Pangani, na mama mkwe alikuwa amekusudia kukaa huko wiki nzima. Jumatatu asubuhi, nilipokuwa namuaga, nilimkuta mlangoni na mkoba. Alimwambia dada yake ana jambo Bagamoyo. Bi Kibibi alitufungia vitumbua, akasema huyu tangu utoto ndivyo alivyo. Tulirudi kwa Segera, kwa basi kubwa, kama watu wenye akili.

Tumepita Segera kwa mbali, nadhani amelala, mama mkwe akasema bila kufumbua macho:

"Yule msichana alikuwa anakuja kwa kasi. Wewe unamtazama wapi?"

"Kiunoni, mama."

"Si miguuni?"

"Miguu inadanganya. Mtu anaweza kuzungusha mguu atakavyo, lakini kiuno kinakwenda anakokwenda mwenyewe."

Akasema "Hm," na safari hii alilala kweli.

Sikujua jambo lake la Bagamoyo ni lipi mpaka tulipofika. Hakushuka Dunda. Alikuja nami mpaka nyumbani, Mlingotini. Shomari alikuwa ukumbini na Salma, wanachezea kile kimpira chekundu cha Salma. Nilimweleza yote, mpaka lile la kabla ya Ijumaa. Alifurahi, nilimwona amefurahi, kisha uso wake ukarudi kwenye swali lile lile.

"Na Salma?"

Kabla sijajibu, mama mkwe akaweka mkoba chini, akavua viatu, akasimama kwenye mlango wa jikoni na kanga yake imefungwa barabara.

"Salma atakuwa kwangu, na wewe utakuja kula kwangu," akamwambia Shomari. "Lakini kwanza nipite."

"Nini, mama?"

"Nipite na huo mpira. Wewe si ulikuwa unacheza mbele ulipokuwa shule?"

Shomari alinitazama, nikainua mabega. Akaanza taratibu, kwa adabu, kama mtu anayecheza na mama yake. Akazungusha mguu wa kulia, akajifanya anakwenda kushoto. Mama mkwe hakuutazama mguu. Alimtazama kiunoni, akasogea hatua moja, na kimpira kikagonga kifundo chake kikasimama. Salma akapiga makofi. Shomari akajaribu tena, safari hii bila adabu, kwa haraka, na mama yake alikuwa ameshafika.

Mpaka leo sijui kama Shomari alimwachia mama yake. Yeye anasema hapana.

Alikaa chini sakafuni palepale, anahema, anamtazama mama yake kana kwamba wamekutana leo. Kisha akanigeukia.

"Unaondoka lini?"